Ukimpeleka Mama Disney, Anza na Maji ya Chai

Wazazi wanapokuja Marekani kututembelea, watoto huwa wameshaamua zamani: babu na bibi lazima wapelekwe Walt Disney World, kule Florida. Basi mtu anapanga kila kitu. Ananunua tiketi miezi kadhaa kabla, anatafuta hoteli, anasoma ramani za bustani zote nne, anajua foleni ipi hujaa asubuhi na ipi hupungua jioni. Jambo moja halimjii akilini, nalo ndilo litakaloamua kama mama ataifurahia safari au ataivumilia tu: chai yake atainywea wapi, na itakuwa chai ya namna gani.

Silioni jambo hili kuwa dogo. Mtu aliyekunywa chai kila asubuhi tangu ujana wake ameuzoesha mwili kafeini, na akiikosa ghafla, kichwa huanza kumgonga ndani ya saa 12 hadi 24. Ongeza uchovu wa ndege, tofauti ya saa saba au nane na Afrika Mashariki, jua la Orlando, mji ulio karibu na Disney, na mwendo wa kutwa nzima juu ya lami na saruji. Mama mwenyewe hatalalamika. Atasema "niko sawa tu mwanangu, nendeni," akae kwenye benchi akishika mikoba ya wajukuu. Wewe utadhani ni uzee, au kwamba mambo haya ya michezo hayamvutii, na huenda alichokihitaji ni kikombe kimoja cha chai iliyoiva.

Tuanze na maji, maana hapo ndipo chai ya safarini huharibika. Chai nyeusi, hasa hii ya chembechembe tunayoizoea kutoka Kericho, Limuru, Mufindi na Rungwe, hutaka maji yanayochemka au yaliyotoka kuchemka sasa hivi, yaani nyuzi 95 hadi 100. Yakiwa nyuzi 80, rangi itatoka lakini chai haitaiva. Utapata kinywaji chekundu kisicho na nguvu, na hata ukikiacha nusu saa kitabadilika kuwa kichungu tu. Orlando yenyewe haina kosa. Mji uko karibu na usawa wa bahari, kwa hiyo maji yake huchemka kwenye nyuzi 100, wakati Nairobi, kwa sababu ya mwinuko, huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Shida ni kwamba migahawa mingi ya Marekani haichemshi maji ya chai. Huyachota kwenye mtambo wa kahawa yakiwa ya moto tu, kisha hukuletea kikombe cha maji na kifuko cha chai pembeni, bado kiko ndani ya karatasi yake. Mpaka ukifungue na kukitumbukiza, joto lililobaki limekwisha. Na kama maji yamepita njia moja na kahawa, chai yako itanuka kahawa, na hakuna sukari itakayoificha harufu hiyo.

Wahudumu usiwalaumu. Ile ni nchi ya kahawa, na kule kusini chai ya kawaida ni ya barafu, mara nyingi yenye sukari nyingi. Ukiagiza "tea" bila neno lingine, usishangae glasi ikija na vipande vya barafu na limau. Sema "hot tea", kisha taja unayoitaka: nyeusi, maziwa ya moto pembeni. Usiposema maziwa, utapewa vikopo vidogo vya krimu, au mchanganyiko wa maziwa na krimu uitwao half-and-half, ambao una mafuta mengi kiasi cha kuifunika ladha ya chai. Omba maziwa halisi, na uombe yapashwe moto. Ombi hili halimshangazi mtu yeyote anayeuza kahawa ya maziwa, kwa sababu kifaa cha kupasha maziwa anacho pale pale mkononi.

Ushauri wangu mkubwa, ambao ungefaa kufuatwa hata kama mengine yote utayaacha, ni huu: kikombe cha kwanza cha siku kinywewe chumbani, kabla ya kutoka. Na hilo huamuliwa siku unapochagua pa kulala. Familia kubwa inayosafiri na wazazi, kwa maoni yangu, inafaa kuanza kwa kutazama nyumba za kupangisha za Kissimmee, mji ulio jirani na bustani, ambako nyumba nzima huwa na jiko, sufuria na friji. Humo mama atapika chai yake mwenyewe kama alivyozoea, maziwa yapande na kushuka, tangawizi iive, na hakuna atakayemharakisha. Ukitaka kukaa ndani ya eneo la Disney, zipo nyumba zao zenye chumba cha kulala tofauti na jiko kamili, na zipo zile ndogo zenye maikrowevu tu. Tofauti ya bei ni kubwa, lakini uliza kuhusu jiko kabla hujauliza kuhusu bwawa la kuogelea.

Ukipata chumba cha kawaida cha hoteli, utakuta mashine ya kahawa. Nyingi kati ya hizi mashine za vikopo hutoa maji yasiyofika nyuzi 90, na ndani yake kuna kahawa ya wageni wote waliokutangulia. Ukilazimika kuitumia, pitisha maji matupu mara mbili tatu na kuyamwaga, ndipo uchukue ya chai. Lakini ni afadhali kununua birika la umeme. Walmart na maduka mengine makubwa huyauza kwa bei isiyomtisha mtu aliyekwisha kulipa tiketi za Disney. Chagua linalojizima lenyewe maji yakichemka, na hita zile za kuchovya kwenye ndoo uziache nyumbani kabisa.

Na tafadhali, mwambie mama asibebe birika lake kutoka nyumbani. Umeme wa Marekani ni volti 120. Wetu ni 230 Tanzania na 240 Kenya. Birika la Kariakoo likichomekwa Orlando, hata kwa adapta ya plagi, litatoa karibu robo tu ya nguvu yake, na atalisubiri mpaka basi la bustani limpite. Kinyume chake ni hatari zaidi: la Marekani likipelekwa Dar es Salaam na kuchomekwa ukutani, litavuta karibu mara nne ya nguvu lililotengenezewa, na litaungua. Safari ikiisha, liachie familia iliyobaki Marekani.

Majani, kwa upande mwingine, abebe. Chai ya nyumbani ni nyepesi na inajulikana, na ikiwa kwenye pakiti yake ya dukani iliyofungwa haina matatizo mpakani. Viungo vikavu vingi vinaruhusiwa pia: hiliki, mdalasini, karafuu, tangawizi ya unga, masala ya chai. Kisichoruhusiwa, na watu wetu wengi hawakijui, ni mchaichai. Forodha ya Marekani huukataa hata ukiwa mkavu, pamoja na majani ya mlimau na mchungwa. Maziwa ya unga nayo yasibebwe. Kanuni zake hutegemea magonjwa ya mifugo ya nchi yanakotoka, na maziwa yapo kila duka la Florida. Tangawizi mbichi utaikuta supamaketi. Yote aliyobeba mama ayatangaze kwa afisa, hata yale yanayoruhusiwa, kwa sababu faini hutozwa kwa kuficha. Vitu vya unga vikizidi mililita 350 vikae kwenye begi kubwa linaloingia chini ya ndege, kwa kuwa kwenye begi la mkononi vinaweza kuzuiwa katika safari za kuingia Marekani.

Chumbani bila jiko, chai ya maziwa inayoridhisha inawezekana, ila ipikwe kwa hatua mbili. Weka vifuko viwili, au vitatu kama mama anapenda kali, ndani ya kikombe kikubwa pamoja na tangawizi iliyopondwa na hiliki mbili zilizopasuliwa. Mimina maji yanayochemka nusu kikombe, funika kwa kisahani, acha dakika tano au sita. Wakati huo pasha maziwa peke yake kwenye maikrowevu mpaka yaanze kupanda. Toa vifuko, changanya. Maziwa ya Marekani huwa mepesi kidogo mdomoni ukilinganisha na ya ng'ombe wa kijijini, kwa hiyo mimi huongeza kijiko kimoja au viwili vya maziwa ya kopo yasiyo na sukari, yale yaliyopunguzwa maji. Hapo chai hupata ule uzito ambao kifuko peke yake hakiupi kamwe.

Sasa bustani zenyewe. Disney huruhusu kuingia na chakula na vinywaji visivyo na kilevi, mradi visiwe vya kuhitaji kupashwa moto na visiwe kwenye chombo cha kioo. Kwa hiyo chupa ya chai inaingia, ila si ile yetu ya maua iliyo mezani kila nyumba. Ndani ya ile mna kioo. Mlangoni itakuwa na mashaka, na ikianguka kwenye foleni imekwisha. Nunua ya chuma cha pua ya lita moja au pungufu. Ijaze maji ya moto dakika tano kabla, yamwage, ndipo utie chai. Vifuko visiachwe ndani, maana saa tatu baadaye utakunywa uchungu. Chai ya rangi hukaa vizuri hadi mchana. Ya maziwa ina masharti: ikishuka chini ya nyuzi 60 na kukaa hivyo zaidi ya saa mbili, maziwa si salama tena, kwa hiyo inywewe mapema asubuhi, au beba ya rangi na uombe maziwa humo ndani.

Mnapotaka kununua, mahali pa uhakika zaidi katika bustani zote nne ni Starbucks. Kule Magic Kingdom imo ndani ya Main Street Bakery karibu na lango. EPCOT ni Connections Café. Hollywood Studios ni Trolley Car Café. Animal Kingdom ni Creature Comforts. Sisemi chai yao ni ya kusifiwa, bali maji yao ni ya moto kuliko ya vibanda vingi. Agiza kikombe kidogo cha chai nyeusi na uombe vifuko viwili, kwa sababu kikombe kikubwa chenye kifuko kimoja ni maji ya kunawia. Kile wanachokiita chai latte hutengenezwa kwa shira tamu yenye viungo. Watoto hukipenda, mama atauliza chai yenyewe iko wapi. Saa mbili na tatu asubuhi foleni ya Main Street hufika mbali, basi agizeni kwa programu ya simu ya Disney au subirini mpaka umati uingie kwenye michezo.

Ukikaa hoteli ya Disney, utaona pia vikombe vya kujaza vinauzwa, unavyoweza kuvijaza muda wote wa kukaa kwako, chai ikiwemo. Havifanyi kazi ndani ya bustani hizi nne, na maji yake yana ubaya ule ule niliokwisha kuueleza. Kwa mpenda chai sioni sababu ya kununua.

Kati ya bustani zote, nikiambiwa nimpeleke mzazi moja tu, ningechagua EPCOT, na chai ni sehemu kubwa ya sababu. Ilifunguliwa mwaka 1982, na nusu yake ya nyuma, World Showcase, ni mabanda ya mataifa 11 yaliyopangwa kuzunguka ziwa kwa njia ya karibu kilomita mbili. Kwa kawaida hufunguliwa saa tano asubuhi, jua likiwa limeshapanda, kwa hiyo nendeni polepole na mkae kila penye kivuli. Hapo ndipo utakutana na watu ambao kwao chai ni jambo la kila siku. Upande wa China kuna kibanda cha Joy of Tea. Vinywaji vyake vingi ni vya baridi, basi sisitiza cha moto. Japani kuna duka la Mitsukoshi lenye majani ya kununua. Na hapa kuna siri ndogo inayosaidia safari nzima: chai ya kijani haitaki maji yanayochemka. Nyuzi 70 hadi 80 zinaitosha, na zikizidi inakuwa chungu. Popote utakapoona maji ni ya moto tu bila kuchemka na huna namna, acha nyeusi uagize kijani. Utapata kikombe kilichoiva kwa maji yale yale yaliyomshinda mwenzako.

Moroko ndipo ningemkalisha mama muda mrefu zaidi. Banda hili la mwaka 1984 lilipambwa na mafundi wa Kimoroko waliotumwa na Mfalme Hassan wa Pili, na vigae vyake, milango yake na vichochoro vyake vitamkumbusha mtu wa Mombasa au Unguja mambo anayoyajua. Chai yao ni ya kijani kutoka China, iliyotiwa nanaa mbichi na sukari ya kutosha. Haifanani na yetu ya maziwa, lakini ni chai ya watu wanaojua kumkaribisha mgeni, nayo hutuliza tumbo baada ya chakula kigeni. Menyu za vibanda hubadilika mara kwa mara, kwa hiyo ulizeni kwanza siku hiyo inapatikana mkahawa upi.

Mkiendelea mbele, baada ya Ufaransa, mtafika Uingereza. Duka la The Tea Caddy huuza makopo na pakiti za Twinings, kampuni iliyoanza London mwaka 1706. Ni pazuri pa kujaza akiba kama majani mliyokuja nayo yamekwisha. Chai ya Kenya huingia kwa wingi katika michanganyiko ya Waingereza, kwa hiyo English Breakfast ndiyo mama ataielewa haraka kuliko zote. Kikombe cha kunywa papo hapo kitafuteni jirani, Rose & Crown, mkiwa mmekaa mezani. Kukaa mezani kuna faida yake popote pale: mhudumu unaweza kumwomba alete birika la pili la maji ya moto, na kifuko akitumbukize yeye mwenyewe maji yakiwa bado yanatoa mvuke.

Kuna vitabu vya zamani vya utalii vitakavyokutuma hoteli ya Grand Floridian kwa chai ya alasiri yenye vikeki na sandwichi, kwenye ukumbi wa Garden View. Ukumbi huo uliacha kuhudumia mwaka 2020. Msiufungie safari bila kupiga simu.

Animal Kingdom ina mtego wake kwa msemaji wa Kiswahili. Ilifunguliwa Aprili 22, 1998, na sehemu yake ya Afrika ni mji wa kubuni uitwao Harambe, uliobuniwa na kikosi cha Joe Rohde, mbunifu wa Disney, kwa kuchota sana kutoka Lamu: kuta za chokaa zilizopauka, milango, vibao vya Kiswahili kila upande. Mama ataingia, atasoma Tamu Tamu, atasoma Kusafiri, uso utamchanua, na papo hapo atatafuta chai ya tangawizi na maandazi. Mwandae mapema. Hizo ni sehemu za kahawa, mikate mitamu na vinywaji baridi vya kumridhisha mgeni wa Kimarekani. Harambe nendeni mkiwa na chupa yenu ya chuma, mkae kwenye meza za kivulini, mnywe chai yenu wenyewe mkisoma kuta; sidhani kuna mahali pengine Florida ambapo chai ya rangi ya Rungwe inapendeza kunywewa kama pale. Kwa chai ya kununua, vukeni kwenda sehemu ya Asia, kwenye kibanda cha Royal Anandapur Tea Company, ambacho kazi yake ni chai hasa. Ombeni ya viungo, ya moto, na muulize kama inatengenezwa kwa majani au kwa shira.

Hali ya hewa nayo ina neno. Kuanzia Juni hadi Septemba, Florida hupigwa na mvua za radi alasiri nyingi, na michezo ya nje husimama. Wengine wote hukimbilia maduka. Nyinyi fanyeni saa hiyo iwe ya chai, mezani, ndani, lakini mama awe na mtandio au sweta kwa sababu viyoyozi vyao ni vya kugandisha. Januari na Februari asubuhi inaweza kushuka chini ya nyuzi 10, na hapo chupa ya chuma itapendwa hata na vijana waliokuwa wakiicheka. Katika joto la Julai chai isichukue nafasi ya maji. Mgahawa wowote unaojaza vinywaji kwa bomba hukupa kikombe cha maji ya baridi bure ukiomba. Na kabla ya kupanda treni zile za kasi, chupa ibaki na yule asiyepanda.

Siku ya kuondoka, nyweni chai yote kabla ya ukaguzi wa uwanja wa ndege, maana kimiminika hakipiti lakini chupa tupu inapita. Mkishavuka, ombeni maji ya moto kwenye mkahawa wowote wa kahawa, tieni vifuko vilivyobaki na unga wa tangawizi, na mama aingie ndegeni akiwa na chupa yake, maana safari ya kurudi ni ndefu na chai ya ndege huletwa mara chache.